Konga Vantu: maisha ya Dan Crawford ndani ya nomino moja

Mji wa Bunkeya, katika jimbo la Lualaba ambalo makao yake makuu ni Kolwezi, ulikuwa katika miaka ya 1880 moja ya miji mikubwa ya Afrika ya Kati. Mmisionari Mskoti Daniel Crawford aliingia mji huo mwishoni mwa mwaka 1890, akiwa hajatimiza miaka ishirini. Alifariki mwaka 1926 akiwa bado katika nchi ileile pana ya Katanga, na watu walikuwa wameshampa jina ambalo ndilo wengi wanalomkumbukia: Konga Vantu. Katika Kiluba-Kisanga, lugha ya wenyeji wa eneo hili la shaba, jina hilo lina maana ya mtu anayekusanya watu.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kulifuata jina hilo. Kwa mwanafunzi wa lugha ni nomino iliyotokana na kitenzi, tena ya aina inayosumbua sana wanaoweka lebo za kisarufi kwenye matini ya kompyuta. Kwa mwanafunzi wa historia ni muhtasari wa miaka thelathini na sita. Tutaona kwamba swali la mmoja haliwezi kujibiwa vizuri bila swali la mwingine.

Kutoka Gourock hadi Bunkeya

Crawford alizaliwa Desemba 1870 huko Gourock, mji mdogo wa bandari kwenye mto Clyde, magharibi mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mtu wa baharini na alifariki Dan akiwa bado mtoto mdogo. Akiwa kijana alijiunga na kundi la Wakristo waitwao Brethren, ambao hawakuwa na maaskofu wala bodi ya kuwalipa wamisionari mshahara. Aliyetaka kwenda aliaga na kuondoka, akitegemea michango ya waumini.

Aliyemvuta kuja Afrika ni Frederick Stanley Arnot, Mskoti mwenzake, aliyekuwa amefika Bunkeya mwaka 1886 kupitia Benguela na Bihe, katika nchi ambayo leo ni Angola. Arnot aliporudi Uingereza kutafuta wasaidizi, Crawford alikuwa mmoja wa vijana walioitikia. Waliondoka mwaka 1889. Njia yao ilikuwa ya miguu, ya wapagazi na ya kungojea miezi mingi, kwa kuwa kusafirisha mizigo kutoka pwani ya Atlantiki hadi bonde la Lualaba kulitegemea misafara ya wafanyabiashara wa Kiovimbundu.

Mwenye Bunkeya alikuwa Msiri, mwana wa Kalasa, aliyetoka katika nchi ya Wasumbwa na Wanyamwezi, Tanzania ya leo. Alikuja kama mfanyabiashara wa shaba na pembe za ndovu, akatulia, akaoa katika koo za wenyeji, akapata bunduki, na hatimaye akawa mtawala wa dola iliyoitwa Garenganze. Watu wake, Wayeke, waliwatawala Wasanga na wengine waliokuwa wakiyeyusha mawe ya kijani ya malakiti na kumimina misalaba ya shaba tangu karne nyingi kabla yake. Misafara ya shaba, pembe na watumwa ilitoka Bunkeya kuelekea bahari zote mbili. Kwa hiyo Crawford alipofika alikuta mji wa lugha nyingi: Kiyeke, Kisanga, Kiluba, Kibemba, Kiumbundu, na Kiswahili cha wafanyabiashara wa kutoka mashariki.

Kuanguka kwa Msiri

Mwaka uliofuata ulikuwa wa machafuko. Wasanga waliasi mwaka 1891, wakavuruga njia za biashara na chakula. Wakati huohuo wajumbe wa Dola Huru la Kongo, lililokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, walikuja wakitaka Msiri akubali bendera yao. Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891, watu wa msafara wa Kapteni William Stairs walipokwenda kumkamata, Kapteni Omer Bodson alimpiga risasi na kumwua, naye Bodson akapigwa risasi na watu wa Msiri na kufa kwa jeraha hilo.

Baada ya hapo Bunkeya ilitawanyika. Njaa ilikuwa imeingia, mtawala hayupo, na watu waliotekwa kutoka koo mbalimbali hawakuwa tena na wa kuwazuia wala wa kuwalinda. Baadhi walijaribu kurudi kwao, wengine hawakujua kwao ni wapi. Mwaka 1892 mwanajiolojia Jules Cornet alipita katika nchi hiyo na msafara wa Bia na Francqui, akaandika habari za utajiri wa shaba uliokuwa chini ya miguu ya wakimbizi hao.

Crawford alikuwa ameshahamia kituo cha mto Lofoi, upande wa mashariki. Huko watu waliokimbia vita walianza kujenga vibanda karibu na wamisionari. Kisha alisogea hadi Ziwa Mweru, na katikati ya miaka ya 1890 akaanzisha Luanza, kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa. Watu wa koo tofauti, wengi wao waliowahi kuwa watumwa, walimfuata na kujenga mji wa mitaa na mashamba. Hapo ndipo jina la Konga Vantu linapopata maana yake kamili.

Jina lililofanana na amri

Tulitazame sasa jina lenyewe. Kitenzi ni kukonga, kukusanya. Vantu ni watu. Neno konga linasimama bila kiambishi chochote cha ngeli mbele yake, na linafuatwa na yambwa yake moja kwa moja, bila kihusishi cha umilikaji katikati.

Kiswahili kina ndugu wa karibu wa muundo huu, isipokuwa chenyewe huhifadhi kiambishi m-. Methali zetu zimejaa mifano. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchuma janga hula na wa kwao. Katika kila moja, neno la kwanza ni nomino, kwa sababu lina kiambishi cha ngeli ya kwanza na ndilo kiima cha sentensi. Lakini ni kitenzi vilevile, kwa sababu linabeba yambwa: kisima kinachimbwa, janga linachumwa. Linganisha na mchimbaji. Hilo limekamilika peke yake, na likitaka kutaja kinachochimbwa kwa kawaida huomba msaada wa kihusishi: mchimbaji wa shaba. Mchimba, kwa upande wake, haliwezi kusimama peke yake. Ukimwambia mtu kuwa jirani yako ni mchimba, atangoja umalizie.

Kwa hiyo kuna nomino zilizokwisha kuwa nomino na nomino ambazo bado mguu mmoja uko kwenye kitenzi. Konga Vantu iko katika kundi la pili, na kukosa kiambishi kunaongeza ugumu. Ukiondoa m- katika mkusanya watu unabaki na kusanya watu, ambayo ni amri. Ndivyo ilivyo na konga vantu: kwa umbo lake, ni maneno yaleyale ambayo mtu angetumia kumwamuru mwenzake akusanye watu. Programu ya kuweka lebo, ikikutana na maneno hayo mawili katika masimulizi ya mzee, inaweza kuyapa lebo ya kitenzi cha amri na nomino ya ngeli ya pili. Ikisahihishwa na mtu mwenye haraka, yatapewa lebo ya jina la mtu, na habari itaishia hapo. Kosa la kwanza linamfuta mtu, na la pili linafuta kazi aliyoifanya.

Jina jingine la wakati huo

Katika Kongo ya miaka hiyo kulikuwa na jina jingine lenye umbo hilihili, na lilijulikana zaidi. Henry Morton Stanley, alipokuwa akipasua njia kwenye miamba ya Vivi, Kongo ya chini, karibu na mwaka 1880, aliitwa Bula Matari. Asili yake ni Kikongo: kubula, kupiga au kuvunja, na matadi, mawe, neno lilelile lililoupa jina mji wa bandari wa Matadi. Muundo ni uleule: shina la kitenzi bila kiambishi, kisha yambwa.

Lakini historia ya majina haya mawili ilikwenda njia tofauti. Bula Matari lilitoka kwa mtu mmoja likawa jina la serikali nzima ya kikoloni na la kila afisa wake. Lilipofika hatua hiyo, hakuna aliyefikiria tena nyundo na miamba ya Vivi. Kitenzi kilikuwa kimelala ndani ya nomino. Konga Vantu lilibaki la mtu mmoja, na kila aliyelitaja aliendelea kusikia tendo la kukusanya.

Kwa mwenye kuweka lebo, tofauti hiyo ni muhimu. Umbo peke yake halimwambii kama kitenzi bado kiko hai ndani ya nomino. Inabidi ajue maisha ya neno. Na kwa mtu wa Kolwezi mlinganisho huu una uzito wake. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji wa Kolwezi ukajengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya migodi ya magharibi, na tangu hapo nchi ambayo Crawford aliwaona watu wakitawanyika ndani yake imeendeshwa na kazi ya kuvunja mawe. Jina la Stanley lingefaa hapa kuliko huko lilikozaliwa.

Mfasiri na wingi wa nomino

Luanza, Crawford alijifunza Kiluba-Kisanga kwa kukaa na watu usiku kucha penye moto. Alioana na Grace Tilsley mwaka 1896, na mkewe akashiriki kazi ya shule na ya kituo. Agano Jipya katika Kiluba-Kisanga lilitoka mwaka 1904.

Mfasiri wa Biblia katika lugha yoyote ya Kibantu ni mtengenezaji wa nomino, apende asipende. Imani anayoieleza imejaa majina ya matendo na ya watenda. Kiswahili kilitoa wokovu na mwokozi kutoka okoa, ufufuo kutoka fufua, muumba kutoka umba, mkombozi kutoka komboa. Kila mara mfasiri anachagua: je, atumie nomino kavu au aache kitenzi kiseme? Sentensi isemayo kwamba wokovu umekuja haimtaji aliyeokoa wala aliyeokolewa. Isemayo kwamba ameokoa watu wake inawataja wote. Watu waliokuwa wamekombolewa kutoka minyororo ya kweli huko Luanza walikuwa na sababu ya kuuliza nani aliyekomboa nani.

Mwaka 1911 Crawford alikwenda Uingereza kwa mara ya kwanza tangu 1889. Mwaka 1912 alichapisha kitabu chake kikubwa, Thinking Black, kuhusu miaka yake 22 bila likizo. Kitabu hicho kinachanganya mambo mawili ambayo msomaji wa leo hawezi kuyatenganisha kirahisi: heshima ya kweli kwa utajiri wa lugha za wenyeji, na kiburi cha Mzungu wa zama zake anayewazungumzia wenyeji hao kana kwamba wamewekwa chini ya uangalizi wake.

Hata jina la kitabu hicho ni fumbo la mwenye kuweka lebo. Neno lake la kwanza lina hali ileile ya kitenzi-jina chetu cha ku-. Kufikiri katika kufikiri vizuri ni kitenzi, maana kinachukua kielezi. Kufikiri katika kufikiri kwake kumebadilika ni nomino ya ngeli ya 15, maana kinamilikiwa na kinaleta upatanisho. Ukiweka lebo moja kwa kila ku-, utakosea nusu ya safari. Ni maneno ya jirani tu yanayoamua.

Baada ya kuzunguka Amerika ya Kaskazini na Australia akihutubia, Crawford alirudi Luanza mwaka 1915. Miaka iliyobaki aliitumia zaidi kwa Agano la Kale, akaimaliza tafsiri hiyo muda mfupi kabla ya kifo chake. Mwishoni mwa Mei 1926 alijigonga mkono kwenye ubao karibu na kitanda. Jeraha lilikuwa dogo, lakini liliingia sumu. Alifariki tarehe 3 Juni 1926, akiwa na miaka 55, akazikwa Luanza.

Kile ambacho nomino haisemi

Tukirudi kwa jina lake, tunaweza sasa kuona kilichopotea kitenzi kilipogeuzwa nomino. Kitenzi cha Kibantu husema mengi katika neno moja: nani, lini, kwa nani, na kama jambo limekwisha au linaendelea. Walikusanyika, aliwakusanya, walikusanywa, wamekusanyishwa, kila moja ni historia tofauti. Nomino huyaacha yote hayo. Konga Vantu haina wakati. Haisemi kwamba ukusanyaji huo ulifanyika hasa katika miaka iliyofuata kifo cha Msiri. Haisemi kama watu waliitwa au walikuja wenyewe wakikimbia njaa. Haisemi kwamba mji uliokusanyika kando ya mmisionari ulikuwa pia mji ambao serikali mpya ingeweza kuuhesabu kwa urahisi kuliko vijiji vilivyotawanyika porini. Jina humpa mtu mmoja sifa ya tendo ambalo wengi walilifanya kwa miguu yao.

Lebo ya kisarufi haiwezi kurudisha wakati uliopotea. Hiyo ni kazi ya mwandishi wa maisha. Lakini lebo inaweza kuacha mlango wazi. Mfumo wa namba za ngeli tunaoutumia umetokana na sarufi linganishi ya Wilhelm Bleek, iliyotoka kwa sehemu mbili mwaka 1862 na 1869, na kuendelezwa na Carl Meinhof. Unatuwezesha kusema neno liko wapi kati ya nomino nyingine. Mfumo wa Universal Dependencies, ulioanza 2014, unaongeza nafasi ya kuonyesha umbo la kitenzi, likiwemo la kitenzi kinachotenda kazi ya nomino. Tukiviunganisha, nomino iliyotokana na kitenzi inapaswa kubeba taarifa nne: aina yake ya sasa, ngeli yake, shina la kitenzi ilikotoka, na kama bado inachukua yambwa.

Faida yake inaonekana haraka hapa Kolwezi. Chukua mchimbaji, mchimba shaba, uchimbaji, machimbo na kuchimba. Wa kwanza na wa pili ni watenda, wa tatu ni tendo, la nne ni mahali, la tano ni kitenzi-jina. Yakihifadhiwa kama nomino tano zisizo na uhusiano, mtafiti anayetafuta habari za kuchimba katika masimulizi ya wazee atapata moja na kukosa nne. Tena atashindwa kuona jambo lililo muhimu kuliko hesabu: ni wapi msimuliaji alitaja mtenda, na ni wapi alilificha tendo ndani ya nomino isiyo na mwenyewe. Machimbo yameporomoka ni habari moja. Nani aliyechimba, na nani aliyemtuma, ni nyingine, na shina chimba, likiandikwa kwenye lebo, linamkumbusha msomaji kwamba swali hilo lipo.

Kwa Konga Vantu, basi, lebo ingesema: nomino, jina la mtu, ngeli ya 1 isiyo na kiambishi, kutoka kitenzi konga, yenye yambwa vantu. Ni mstari mfupi. Ndani yake wamo Mskoti wa Gourock, kitenzi cha Wasanga, na watu wa Bunkeya ambao sarufi inawaita yambwa ilhali wao ndio waliotembea kutoka Garenganze hadi Mweru.